Orodha za kantri kwenye Spotify: kutuma ni rahisi, kazi iko kwenye kuchagua rekodi

Ukitaka kumtumia mtu nyimbo 25 za kantri zinazozungumzia treni, Spotify haikusumbui. Unafungua orodha mpya, unaijaza, unagusa nukta tatu, unatuma linki kwa WhatsApp, basi. Kwa upande wa usambazaji ni huduma nzuri, na tangu ifunguliwe Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021 hakuna tena haja ya kuzungukazunguka ili kuipata. Udhaifu wake uko kwingine. Inajua jina la wimbo na jina la mwimbaji, ila haina habari sana na rekodi gani umeishika. Na kantri ndiyo muziki ambao mwimbaji mmoja anaweza kuwa ameurekodi wimbo mmoja mara tatu au nne, kila mara kwa kampuni tofauti.

Chukua “Folsom Prison Blues” wa Johnny Cash. Ipo rekodi ya Sun Records ya 1955, ipo ile ya moja kwa moja iliyofanywa ndani ya gereza la Folsom, California, Januari 1968, na ipo nyingine aliyoirudia studioni kwa ajili ya kampuni ya Mercury, iliyotoka 1988. Kwenye matokeo ya utafutaji zote zinaweza kukaa jirani, tena nyingine zimerudiwa ndani ya mikusanyiko yenye majalada yanayofanana. Sikiliza sekunde ishirini za mwanzo. Ile ya 1955 haina mpiga ngoma kabisa: ni gitaa la Luther Perkins, besi ya Marshall Grant na gitaa la Cash mwenyewe. Enzi hizo alikuwa na mazoea ya kupenyeza karatasi katikati ya nyuzi ili mkwaruzo wake uzibe pengo la ngoma. Ya 1988 ni safi, imejaa, na ngoma ziko mbele. Si mbaya, lakini ukiiweka kwenye orodha uliyoiita “Kantri ya miaka ya hamsini” umemdanganya msikilizaji. (Kuhusu ile ya gerezani: shangwe zinazolipuka baada ya mstari wa kuua mtu mjini Reno ziliongezwa baadaye studioni. Wafungwa hawakushangilia pale.)

Namna ya kuhakiki ni hii. Gusa nukta tatu za wimbo, nenda kwenye albamu, shuka mpaka chini kabisa. Pale utakuta mstari wenye herufi P ndani ya duara, wenye mwaka na jina la mwenye rekodi. Usitegemee mwaka ulio juu karibu na jina la albamu, kwa sababu mara nyingi huo ni mwaka wa mkusanyiko. Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri ya mwanzo kabisa, alifariki 1933, lakini nyimbo zake zinabeba miaka ya karne hii kwa kuwa zimepangwa upya kwenye mikusanyiko. Neno la Kiingereza linaloashiria kusafishwa upya kwa sauti (“remastered”) si tatizo. Rekodi ni ile ile. La kuogopa ni lile linalosema wimbo umerekodiwa upya (“re-recorded”), na la kuogopa zaidi ni ukimya, pale mkusanyiko wa bei poa unapoweka rekodi ya baadaye bila kusema lolote.

Jim Reeves anastahili aya yake, maana kwetu wapo wengi waliomrithi kutoka kwenye santuri za wazazi. Alikufa kwa ajali ya ndege Julai 1964. Baada ya hapo kampuni yake ya rekodi, RCA, iliendelea kutoa nyimbo zake kwa miaka mingi, mara nyingine sauti yake ikiondolewa kwenye rekodi ya zamani na kuwekewa vyombo vipya. Mwaka 1981 ukatoka hata wimbo anaoimba pamoja na Patsy Cline, aliyekufa 1963, naye kwa ajali ya ndege. Hawakuimba pamoja, mafundi ndio waliounganisha kanda. Ukitaka Reeves mwenyewe, tafuta albamu zilizotoka akiwa hai na uchukue wimbo kutoka humo, badala ya kuokota wa kwanza unaojitokeza.

Upande wa mada, jizuie. “Nyimbo bora za kantri” si mada, na orodha za namna hiyo Spotify yenyewe inazo za kutosha. Treni, malori, mama, magereza, mvua, migodi ya makaa: hizo zinashika. Mfano wa treni unaonyesha pia jinsi ya kupanga. Anza na DeFord Bailey, mpiga harmonika Mweusi wa Nashville. Wimbo wake “Pan American Blues” wa 1927 unaiga treni kwa pumzi tupu, kuanzia inapong’oa nanga mpaka honi. Halafu Jimmie Rodgers, aliyewahi kufanya kazi kwenye reli kweli. Kisha “Hey Porter” wa Cash. Ukifika “City of New Orleans”, amua: mtunzi wake Steve Goodman, 1971, au Willie Nelson, 1984? Kwa orodha inayoelekea Americana, yaani muziki wa leo unaochota kwenye kantri na folk za zamani, Goodman. Sauti yake haijapambwa, na baada yake Gillian Welch au Jason Isbell anaingia bila kishindo. Ukimweka Nelson, rekodi yake iliyong’arishwa inamfanya anayefuata asikike kama anaimba jikoni.

Hilo linatuleta kwenye sauti. Mpangilio wa kusawazisha sauti huwa umewashwa, na ndani ya orodha kila wimbo unapimwa peke yake. Santuri ya 1927 ikiwa chini inapandishwa, na mkwaruzo wake unapanda nayo. Baada ya hapo ukiweka wimbo wa miaka ya karibuni, msikilizaji mwenye vipokea sauti anaruka kidogo. Weka rekodi za kabla ya Vita Kuu ya Pili zikae pamoja, tatu au nne, kisha pitia miaka ya hamsini na sitini kabla ya kuingia ya sasa. Ukitumia kompyuta, hakikisha orodha iko kwenye mpangilio wako binafsi. Ikiwa imepangwa kwa jina au tarehe, kuburuta nyimbo hakufanyi kazi, na wengi hudhani programu imekwama.

Nyimbo 25 za zamani ni kama dakika 70 mpaka 75, kwa kuwa nyingi hazivuki dakika tatu. Kwa ubora wa kawaida, kilobiti 96 kwa sekunde, orodha nzima inakula takriban MB 54 za bando. Kwa ubora wa juu kabisa wa wanaolipa ukiacha ule usiobana sauti (“lossless”), yaani kilobiti 320, ni karibu MB 180. Kwa rekodi za kantri zilizofanywa mjini Bristol, Marekani, 1927, zilizokatwa moja kwa moja kwenye nta, hiyo 320 ni kuchoma bando bure. Pakua kwenye waifai, lakini kumbuka simu inatakiwa kuingia mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo ulizopakua zinafungwa.

Kabla ya kutuma linki angalia kama orodha ni ya umma. Ikiwa ya siri, mwenzako anaweza kushindwa kuifikia. Mpokeaji asiyelipa atapata matangazo katikati, na nyimbo zinaweza kuchanganywa, kwa hiyo hadithi uliyoijenga kuanzia Bailey mpaka Isbell inaweza kumfikia kinyumenyume. Anayelipa naye ana mtego wake: kitufe cha kuchanganya kikiwa na kialama cha nyota kinaingiza nyimbo ambazo hukuziweka. Na orodha ikiisha, programu inaendelea na nyimbo nyingine inazodhani zinafanana. Watu wengi wanaomlaumu mtengeneza orodha kwa wimbo wa ajabu wanausikia kutoka huko.

Kushirikiana ni jambo zuri lenye kasoro moja kubwa. Linki ya kualika wenzako wahariri hudumu siku 7, na kila aliyealikwa anaweza kuongeza, kufuta na kupanga upya. Jina la aliyeongeza wimbo linaonekana. La aliyefuta halionekani popote. Kwa hiyo kabla ya kualika kundi, nakili orodha nzima kwenda orodha nyingine na uifiche. Orodha uliyoifuta nzima unaweza kuirejesha kupitia ukurasa wa akaunti kwenye tovuti ndani ya siku 90, lakini wimbo mmoja mmoja hautarudishwa.

Halafu kuna mapengo. Garth Brooks, mmoja wa wauzaji wakubwa kabisa wa kantri, aliamua kukaa nje ya Spotify. Ukimtafuta unaletewa waigaji na wapiga karaoke, na majalada yao yanavutia kweli. Neil Young aliondoka Januari 2022 akarudi 2024, na katikati hapo orodha zilizomtegemea zilibaki na matundu. Wimbo ulioondolewa unageuka kijivu au unafichwa usiuone kabisa. Washa mpangilio wa kuonyesha nyimbo zisizopatikana, upitie orodha yako kila baada ya miezi michache na kuziba kwa rekodi ile ile kutoka albamu nyingine. Ukirudia wimbo huo huo programu inakuonya, lakini ukiwa umetoka albamu tofauti mara nyingi inaupokea kama mpya.

Usizibe pengo kwa faili lililo kwenye kompyuta yako. Jina litaonekana kwa wote, sauti utaisikia peke yako. Hilo linauma hasa kwa orodha ya Rodgers, kwa sababu mwisho wake mzuri kuliko yote uko Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba “Chemirocha”, na Chemirocha ni Jimmie Rodgers huyo huyo, jina lake likiwa limepita kwenye santuri mpaka Bonde la Ufa. Ukiutafuta ukaukosa, utaje kwenye maelezo ya orodha na uache nafasi yake wazi.

Maelezo hayo yana herufi 300 tu, na wengi wanayaacha matupu au wanajaza vikaragosi. Hapo ndipo mahali pekee pa kuandika kile ambacho Spotify haikisemi. Kwa orodha ya treni, kitu kama hiki kinatosha: “Treni, 1927 hadi leo. Cash ni wa Sun, 1955. Goodman, si Nelson. Nyimbo nne za mwanzo zina mkwaruzo. Simu yako ni nzima. Sikiliza kwa mpangilio, usichanganye.”