Breki za nyuma za R32 kwenye Golf GTI Mk5: uzoefu wangu wa miezi 7

Gari ni Golf GTI Mk5 ya 2007, injini ya lita 2 yenye tabo na giaboksi ya DSG, lililotoka Japani. Kiwandani lilikuwa na farasi 200. Baada ya kubadilishiwa programu ya injini na bomba la ekzosi, sasa linapita 250. Mbele zamani nilishafunga breki za R32 (ndugu yake mwenye nguvu zaidi katika Golf za Mk5), diski za milimita 345 badala ya 312. Nyuma nikaacha zilezile, kwa sababu kila fundi niliyemuuliza alinijibu yaleyale: "Breki ni za mbele, mzee. Hizo za nyuma ni za kusindikiza tu."

Mteremko wa Mai Mahiu, ule wa kushukia Bonde la Ufa hapa Kenya, ukanisuta. Jumamosi moja tulikuwa wanne, buti imejaa, nikashuka nyuma ya lori la kontena tangu kule juu kwa wauza ngozi za kondoo hadi karibu na kanisa dogo la Waitaliano. Breki zilishika mpaka chini, siwezi kusema uongo, lakini ndani ya gari kulinuka kama pasi iliyosahaulika juu ya kitambaa. Nikaegesha, nikazunguka. Mbele shwari. Nyuma ndiko kulikokuwa kukifuka, na diski zimeingia rangi ya samawati na zambarau, kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji.

Ukizijua diski zenyewe hutashangaa. Ya nyuma ya GTI ni bamba moja la chuma, kipenyo milimita 286, unene 12, basi. Kompyuta ya gari nayo huzitumia breki za nyuma sana hata ukikanyaga kidogo, ili gari lisiinamishe pua, ndiyo maana wenye Golf hizi wengi humaliza pedi za nyuma kabla ya za mbele. Diski ya R32 ni 310 kwa 22, mabamba mawili yenye mapezi katikati, na hewa inapita humo ikibeba joto.

Kalipa mbili (vibano vinavyobana diski kwa pedi) na mabano yake, mtumba wa Japani, nilizipata Kirinyaga Road, Nairobi, kwa shilingi 38,000. Diski mpya na pedi zilinila 27,000 nyingine. Nilikwenda dukani na diski moja kwapani, watu wakanicheka, lakini kalipa ya kwanza niliyopewa, "ya R32 kabisa, boss", ilikataa kuimeza. Ilikuwa ya diski nyembamba. Muuzaji hata hakupepesa jicho. Alinyoosha mkono kwenye rafu akashusha nyingine.

Kufunga ndiko kulikonitoa jasho. Boliti za mabano zinataka biti ya nyota yenye meno 12, saizi 14. Ukimruhusu fundi abahatishe na biti nyingine atazinyoa vichwa. Nunua boliti mpya, zikazwe kwa Nm 90 kisha robo mzunguko. Hayo niliyajua mapema. Ambalo sikulisimamia ni pistoni, ile inayosukuma pedi kwenye diski. Kwenye kalipa hizi, skrubu ya handbreki iko ndani ya pistoni, kwa hiyo pistoni hairudi kwa kusukumwa tu: unaizungusha huku ukiisukuma, na kuna kifaa chake. Mimi nimekaa nje na soda yangu, nikasikia "tak!" Nilipoingia nikamkuta kijana ameibana kwa klampu na kuilazimisha kwa nguvu zote. Upande huo handbreki haikushika tena. Gereji ikasema kalipa ilikuja mbovu. Nikanunua nyingine kwa pesa zangu na kuhama gereji.

Fundi wa pili alikuwa na kifaa. Bati la kinga nyuma ya diski lilikuwa dogo kwa diski mpya, na kulibadilisha kunahitaji kufungua habu (kitovu cha gurudumu), kwa hiyo tulilikata ukingo kwa grainda tukapaka rangi. Siku mbili nzima nilisikia "shii, shii" kila nikikata kona ya kulia, mpaka nikalikunja kidogo kwa koleo mwenyewe. Mafuta ya breki tuliweka DOT 4 mapya, tukatoa hewa magurudumu yote manne, na kebo ya handbreki ikarekebishwa upya. Pedi nilizizoesha Southern Bypass Jumapili alfajiri: kutoka 80 mpaka 20, mara kumi, bila kusimama kabisa.

Sasa je, gari linasimama karibu zaidi? Hapana. Ukikanyaga mpaka mwisho ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame) inaingia palepale ilipokuwa ikiingia, kwa sababu kinachokusimamisha hapo ni tairi. Aliyekuuzia breki hizi kwa ahadi hiyo amekudanganya, na kama tairi zako zimekauka peleka pesa huko kwanza. Tofauti niliyoipata ni utulivu. Nikipiga breki kutoka mwendo mkubwa gari linakaa chini lote kwa pamoja, pua haizami kama awali, na usukani hauchezi mkononi. Mai Mahiu nimeishuka mara nne tangu hapo, mara moja tukiwa watano. Harufu hakuna, na diski bado zina rangi yake ya chuma. Ubaya wake ni uzito: diski za nyuma ni nzito kuliko za zamani, na kwenye matuta ya mtaani kwetu nahisi nyuma inagonga zaidi kidogo, ingawa mke wangu anasema ni akili yangu tu.

Wiki iliyopita nilitoa magurudumu kukagua. Kushoto pedi zimelika sawasawa. Kulia ya ndani imeisha kuliko ya nje, na nashuku pini ya kalipa imekauka grisi. Ndiyo ileile niliyoinunua kwa haraka baada ya mkasa wa klampu. Jumamosi naifungua.