Yona Yona Ale ya Japani: si ya moto, si ya baridi

Watazamaji wapendwa, karibuni. Mezani hapa nina makopo mawili ya bia moja, niliyoyanunua siku moja katika duka moja hapa Japani ninapoishi. La kulia limetoka kwenye friji sasa hivi. La kushoto nililitoa nusu saa iliyopita na kuliacha hapo lilipo. Bia yenyewe ni Yona Yona Ale, inayotengenezwa na kampuni ya Yo-Ho Brewing ya Karuizawa, mkoani Nagano. Nimeamua kuonja makopo mawili kwa mpigo kwa sababu mara ya kwanza nilipoinywa bia hii niliihukumu vibaya, na kosa lilikuwa langu, si la bia. Kabla sijaendelea, nikumbushe kwamba hapa Japani umri halali wa kunywa kilevi ni miaka 20, hata baada ya umri wa utu uzima kushushwa hadi 18 mwaka 2022.

Kopo lina ujazo wa mililita 350 na kilevi asilimia 5.5. Limechorwa usiku wenye mwezi mkubwa, kwa kuwa maneno yona yona yana maana ya usiku baada ya usiku. Nikipitisha kidole juu ya kifuniko, nakuta vinundu vidogo, kama ilivyo katika makopo mengi ya kilevi hapa nchini. Hayo ni maandishi ya nukta nundu yanayosomeka osake, yaani kilevi, ili mtu asiyeona asije akafungua bia akidhani ameshika soda. Kila ninapofungua kopo la Kijapani kidole changu hutafuta vinundu hivyo kwanza, na sijui tabia hiyo ilianza lini.

Upande wa viambato kumeandikwa vitu viwili tu, kimea na hopsi. Kimea hakihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyekulia kwenye nyumba inayopika togwa: ni nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, ila hapa ni shayiri badala ya ulezi au mtama. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, nayo ndiyo huipa bia uchungu wake na sehemu kubwa ya harufu yake. Kama umewahi kunywa mbege ya Uchagani, unajua kazi inayofanywa na gamba la msesewa, la kuuzuia utamu wa ndizi na ulezi usivuke mipaka. Hopsi hufanya kazi hiyohiyo katika bia ya shayiri, na huongeza jambo moja ambalo msesewa haulileti, nalo ni manukato.

Hopsi inayosikika humu ni ya aina ya Cascade, iliyozalishwa Oregon, Marekani, na kuanza kutolewa kwa wakulima mwaka 1972. Ndiyo iliyoifanya eli (ale, aina ya bia kama hii) ya rangi mpauko ya Kimarekani, ambayo asili yake ni Uingereza, inukie machungwa. Mwanzilishi wa Yo-Ho, Hoshino Yoshiharu, alizifahamu bia za namna hiyo akiwa Marekani. Hata hivyo, asingeweza kufungua kiwanda kidogo kama sheria ya Japani isingebadilishwa mwaka 1994, kwani kabla ya hapo mwenye leseni ya bia alitakiwa kutengeneza lita milioni 2 kwa mwaka, na baada ya hapo zikatosha lita 60,000. Kampuni ilianzishwa mwaka 1996 na bia hii ikaingia sokoni mwaka uliofuata. Viwanda vidogo vilichipuka kila mahali, vingi vikiuza bia zake kama zawadi za watalii, kwa bei kubwa na ubora wa kubahatisha, hivyo wateja wakachoka upesi. Yo-Ho nayo iliyumba, kisha ikanusurika kwa kuuza kupitia intaneti, na mwaka 2014 kampuni kubwa ya bia ya Kirin ikanunua sehemu ya hisa zake. Wapo wanaosema kwamba tangu hapo si bia ya kiwanda kidogo tena. Mimi naona hoja hiyo ni ya wenye hisa. Anayeonja anaulizwa kilichomo kwenye glasi.

Tuanze na kopo la kulia, lililotoka kwenye friji. Kipimajoto kinasoma nyuzi 5. Glasi nimeioshea maji mengi na kuiacha ikauke yenyewe bila kuipangusa kwa kitambaa, kwa sababu mafuta kidogo tu au mabaki ya sabuni huua povu. Ninamimina kwa kuilaza glasi, kisha ninaisimamisha mwishoni. Rangi ni ya asali ya nyuki wadogo, nyeusi kidogo kuliko laga tuliyoizoea, na povu lake ni jeupe lenye umanjano kwa mbali. Ninanusa na kupata kitu kama ganda la limau, tena kwa mbali sana. Funda la kwanza lina gesi ya kutosha na uchungu unaokuja haraka kwenye kina cha ulimi, kisha hakuna tena. Ni bia safi isiyo na kasoro ya wazi, lakini haina la kusema. Hivi ndivyo nilivyoinywa mara ya kwanza, nikamwambia mwenzangu kwamba Wajapani wanatoza fedha za bure kwa laga yenye uchungu.

Sasa kopo la kushoto, ambalo likishamiminwa kwenye glasi linasoma nyuzi 11. Hata kabla sijaiinua glasi, harufu imeshafika. Si chungwa tamu la kuliwa. Ni danzi lililokwaruzwa ganda, lile tone la mafuta linalokurukia jichoni unapolimenya, na nyuma yake kuna balungi na majani mabichi yaliyofikichwa. Ninakunywa. Kimea, ambacho kwenye glasi ya kwanza hakikuwapo kabisa, sasa kinatangulia kwa utamu wa sukari iliyounguzwa kidogo na ladha ya gamba la mkate uliotoka tanurini, na uchungu unaingia baada yake taratibu, ukikauka kinywani bila kukwaruza koo. Nikishameza, ladha ya ganda la danzi inabaki kwenye kaakaa kwa muda ambao ningeweza kuhesabu hadi 15. Ni bia ileile, ya siku ileile, katika glasi za aina moja.

Sababu yake inaeleweka. Mafuta ya hopsi yanayobeba harufu hupaa kwa urahisi zaidi kadiri kinywaji kinavyopata joto, na ulimi uliokufa ganzi kwa baridi haupokei utamu, hivyo kinachobaki ni gesi na uchungu. Laga, ambayo hamira yake huchachusha taratibu kwenye baridi ya takriban nyuzi 8 hadi 13, haina manukato mengi ya kupoteza, ndiyo maana Tusker, Safari au Kilimanjaro haziharibikiwi na barafu. Hamira ya eli huchachusha kwenye joto la takriban nyuzi 15 hadi 24, ikiacha harufu za matunda ambazo friji huzifunga. Ukiketi baa yoyote Tanzania, mhudumu atakuuliza swali moja tu: ya moto au ya baridi? Kwa bia hii majibu yote mawili ni makosa. Ukiinywa ya moto kwa maana ya pale baa, yaani joto la chumba mchana wa Dar es Salaam, utamu wake utakuwa mzito na gesi itakuwa imekimbia. Kati ya nyuzi 10 na 13 ndipo inapokaa vizuri.

Kasoro zipo. Kubwa kuliko zote ni kwamba haivumilii kukaa. Kiangazi kilichopita nilinunua kopo kwenye duka moja ambalo limepanga katoni dirishani, nami kwa haraka zangu sikutazama tarehe. Kopo huizuia nuru, ambayo ndani ya chupa nyeupe ingeigeuza hopsi kuwa na harufu ya kicheche, lakini halizuii joto. Danzi lote lilikuwa limetoweka, na mahali pake palikuwa na ladha ya boksi la karatasi lililolowa. Tangu siku hiyo ninageuza kopo na kusoma tarehe chini yake kabla ya kwenda kulipa. Kasoro ya pili ni ndogo na huenda ni ya ulimi wangu: glasi ya pili ikifuata papo hapo, ule utamu wa sukari iliyoungua huanza kulemea, na ninatamani uchungu uongezwe kidogo. Anayetaka uchungu wa kweli, kampuni hiyohiyo ina bia iitwayo Indo no Aooni, ila ina kilevi asilimia 7 na si ya kujaribia ukiwa na njaa.

Bei, nililipa takriban yeni 300 kwa kopo, zaidi ya bia ya kawaida ya viwanda vikubwa. Katika fedha hiyo mna kodi ya bia ya yeni 63.35 kwa kopo la ujazo huu, kiwango kilichoanza Oktoba 2023 baada ya kushushwa kutoka yeni 70. Kwa glasi ya kulia, yeni 300 ni hasara. Kwa ya kushoto nitazilipa tena.

Kuhusu chakula nitasema kimoja tu, kwa kuwa ndicho nilichokijaribu vya kutosha: kuku wa kuchoma kwenye vijiti, aliyetiwa chumvi pekee bila mchuzi mtamu. Mafuta ya ngozi iliyoungua yanakatwa na uchungu, na danzi linafanya kazi ambayo kwa mishkaki yetu hufanywa na ndimu. Mchuzi mtamu wa soya unaiharibu, kwani unaungana na utamu wa kimea na hopsi haisikiki tena.

Ninaipa alama 8 kati ya 10. Moja nimeikata kwa sababu ya ule utamu wa glasi ya pili, na nyingine kwa jinsi inavyochakaa upesi dukani. Wakati nazungumza nanyi, glasi ya kulia nayo imepanda hadi nyuzi 9, na nikiinusa sasa, danzi limeanza kutokeza.