Gereji Ndani ya Kompyuta: Car Mechanic Simulator 2021 kwa Vijana Wanaochagua Fani

Kila mwanzo wa mwaka chuo chetu cha ufundi hupokea vijana waliomaliza kidato cha nne ambao, wakiulizwa kwa nini wamechagua ufundi magari, wengi hujibu kwamba wanapenda magari. Kupenda gari na kupenda kulitengeneza ni mambo mawili, na kuna wanaoligundua hilo wakati ada imekwisha kulipwa. Kwa sababu hiyo nimekuwa nikitumia Car Mechanic Simulator 2021, mchezo wa kompyuta uliotengenezwa na Red Dot Games ya Poland na kutoka Agosti 2021, katika wiki ya kwanza kabla mwanafunzi hajashika spana.

Mchezaji huendesha gereji yake mwenyewe na kupokea kazi za wateja. Kazi nyepesi huja na orodha ya vipuri vya kubadilisha. Ngumu huja na malalamiko tu, na hapo mchezaji hulazimika kulipandisha gari kwenye lifti, kuliendesha kwenye njia ya majaribio, kupima mgandamizo wa silinda na kukagua kifaa kimoja kimoja mpaka ajue ubovu uko wapi. Hizi za malalamiko ndizo ninazowapa vijana, kwa kuwa kubaini ubovu ndiko kunakomtenganisha fundi na mfungua nati.

Mpangilio wa kuvua vipuri umetengenezwa kwa uaminifu mkubwa. Kijana mmoja aling'ang'ana na diski ya breki kwa dakika kadhaa, akaamini kipanya kimeharibika, hadi mwenzake alipomwambia, "Toa kalipa kwanza, bwana," yaani kile kifaa kinachoibana diski. Wiki mbili baadaye, chini ya gari halisi, mkono wake ulikwenda kwenye kalipa bila kuelekezwa na mtu.

Penye udhaifu ni kwenye nati. Katika mchezo unabonyeza kitufe, nati inazunguka na kutoka, kila mara, hata kama gari limeokotwa jalalani likiwa na kutu tupu. Anayefanya kazi Tanga au mahali pengine popote karibu na bahari anajua kwamba nati iliyoganda inaweza kula nusu siku, na kwamba ikishalika kichwa basi shughuli ni nyingine kabisa. Uchakavu nao huonyeshwa kwa asilimia, ilhali bushi (mpira wa kwenye maungio ya chini ya gari) iliyokufa haina namba. Hujulikana kwa mtaimbo, kwa kutikisa tairi na kwa sikio. Kuhusu spea, mchezaji huagiza na kupata papo hapo, bila kwenda Kariakoo kupambanua mpya, ya mtumba na ya bandia, na bila mteja anayekuja na nusu ya fedha. (Somo hilo, nadhani, hakuna kompyuta itakayolifundisha.)

Faida yake kubwa naiona katika ushauri wa fani, si katika ufundi wenyewe. Nikikaa nyuma ya mwanafunzi kwa saa mbili nikamtazama anachagua nini, napata jibu ambalo fomu ya kujiunga hainipi. Binti mmoja alipuuza rangi na rimu, akarudia vipimo vya umeme hadi wenzake wakaondoka. Tulizungumza, akahamia umeme wa magari. Mwingine alimaliza muda wake wote kwenye mnada, akinunua magari mabovu na kuyauza kwa faida. Nilimwambia wazi kwamba anachokipenda ni biashara ya magari, naye hakubisha.

Chuo kinachotaka kuutumia kijue kwamba kompyuta za kawaida za ofisini haziumudu, kwa sababu unadai kadi ya michoro yenye nguvu. Maelezo yake hayana Kiswahili, hivyo majina ya vipuri niliyaandika ubaoni kwanza: shokamzoba, bolijointi, tairodi, sampu. Ninautumia kwa wiki moja tu. Jumatatu inayofuata kompyuta hufungwa, na kila mwanafunzi hupewa nati iliyoshikwa na kutu aifungue.