Kalamu Iliyokufa kwa Njaa

"Dada, hii kalamu imekufa kwa njaa."

Ndivyo nilivyoambiwa kwenye dawati la huduma kwa wateja, na kijana aliyesema hivyo akacheka. Wenzake wawili nao wakacheka. Mimi nimesimama pale, kishikwambi kifuani kama mama aliyeleta mtoto zahanati, nimepanga foleni asubuhi nzima, halafu nachekwa.

Niliachana na karatasi mwaka juzi, au ule wa kabla yake. Kazi yangu ni nusu vikao, nusu kuchora: mchana naandika yanayosemwa, usiku nachora picha za hadithi za watoto. Madaftari yalikuwa yamejaa mpaka uvunguni mwa kitanda. Nikanunua kishikwambi na kalamu yake, madaftari matupu yaliyobaki nikayagawa, nikajiona mtu wa kisasa. Ukubwa wa kioo na kasi ya prosesa someni wenyewe kwenye boksi.

Baadaye mgongo ukanisumbua, nikakaa miezi kadhaa bila kuchora. Kishikwambi nilikuwa naangalizia video, kwa hiyo nilikichaji kila siku. Kalamu ikalala kwenye droo. Siku niliyoitoa, haikuandika. Haina taa, haina kitufe, haina mahali popote pa kuiuliza hali. Nikaichaji usiku kucha. Kimya. Nikazima Bluetooth nikawasha, nikaifuta kwenye orodha nikaitafuta upya, nikabadilisha ncha, nikaisugua kwa kitambaa. Karibu niiombee dua.

Kumbe kabetri ka lithiamu kaliko ndani, kakiachwa tupu muda mrefu, kanashuka chini ya kiwango ambacho sakiti ya ulinzi inakubali kukachaji tena. Inakataa kwa usalama. Sawa, nimeelewa. Ila mbona hakuna aliyenionya? Karatasi ya maelekezo iliyokuja na yangu ina onyo la mtoto kumeza ncha, kwa lugha chungu nzima, na neno moja la kuichaji hata usipoitumia sikuliona. Bolpeni ya kawaida naisahau chini ya kochi mwaka mzima, naiokota, naikwaruza mara mbili pembeni ya gazeti, inaandika.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba betri haikuwa lazima. Kuna kalamu zisizo na betri kabisa, zinazopata nguvu kutoka kwenye kioo chenyewe kwa njia ya sumaku-umeme. Kampuni ya Wacom wamekuwa wakizitengeneza tangu miaka ya 1980! Nilikuwa sijui. Mimi nilichagua ile inayojibandika ubavuni mwa kishikwambi kwa madoido. Hapo kosa ni langu, nusu.

Turudi kwa kijana wangu. Nikamwuliza kuhusu waranti.

"Betri haimo. Hayo ni matumizi."

"Lakini mimi sikuitumia."

"Ndiyo maana imekufa."

Wakacheka tena. Nikameza. Nikasema basi nipe mpya, nalipa. Akageuza kishikwambi changu, akasoma maandishi ya mgongoni, akasema kalamu mpya hazielewani na toleo hili, na zile za zamani hawaleti tena. "Kwa hiyo?" Akapandisha mabega, akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu. Yaani kifaa kizima, kioo hakina hata mkwaruzo, kinageuka sinia kwa sababu ya kijiti.

Tangu siku ile kila kitu chake kikaanza kunikera. Kioo kinateleza, mwandiko wangu unakuwa wa mtu aliye kwenye basi. Nilishabandika ile protekta ya kukwaruza kama karatasi: mkono unatulia, ni kweli, lakini inafifisha rangi na kutafuna ncha. Programu ya daftari inataka ilipiwe kila mwezi, na hapo bado mwandiko wa Kiswahili inausoma kama Kiingereza kibovu; naandika "hata", yenyewe inaona "hat", yaani kofia. Nikajaribu pia zile kalamu za ncha ya mpira zisizohitaji kuunganishwa na chochote. Ni sawa na kuchora kwa kidole gumba. Ukibonyeza kwa nguvu au polepole mstari ni uleule, na kiganja kikigusa kioo kinaacha madoa yake. Kwenye tathmini hii nilikuwa nimeshaandaa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haikubaliki.

Sasa, juzi juzi mwenzangu kazini akaniazima kalamu yake, ya toleo langu. Nikafungua mchoro wa kinyonga niliouacha katikati. Leya zote, yaani tabaka za mchoro zinazopangwa moja juu ya nyingine, zilikuwa vilevile nilivyoziacha. Anga nikaigeuza kutoka bluu kwenda rangi ya machweo bila kugusa jani hata moja, nikakosea mkia mara kumi na moja, na kila mara vidole viwili vikagonga kioo kosa likafutika. Kwenye karatasi ningekuwa nimeshaitoboa. Nilimaliza saa nane usiku na sikuukumbuka mgongo. Kesho yake mtu akadai kwamba kwenye kikao fulani nilikubali kuchora picha za ziada bure. Nikatafuta ukurasa wa kikao chenyewe, dakika haikuisha, nikamwonyesha mwandiko wangu: "ziada italipiwa", na mstari mwekundu chini yake. Uvunguni mwa kitanda ningeupata lini?

Basi nyota tatu. Wakati wa kinyonga ningetoa nne, tena kwa moyo mweupe. Nikikumbuka yale mabega yanavyopanda, narudi mbili. Kama unanunua, uliza kwanza kama kalamu ina betri, na kama inayo, uliza itauzwa mpaka lini, na umwangalie muuzaji usoni anapojibu. Kama unayo tayari na umeitupa droo, acha kusoma hapa uende ukaichaji.

Mimi bado nina kurasa sita za hadithi ya kinyonga sijazigusa, na mwenye kalamu anaitaka Jumatatu.