TRX-4M kwenye mawe ya Ndarugo: gari dogo la rimoti na mwinuko mkali

Kwa miezi minne nimelitumia gari la rimoti la TRX-4M lenye bodi ya Land Rover Defender, na karibu muda huo wote nimelipandisha mawe. Anayetafuta gari la kukimbia uwanjani alipite hili, kwa sababu limeundwa litambae, na hata likienda kwa nguvu zake zote mtu mzima anayetembea kwa haraka kidogo hana shida kulifuata.

Kampuni ya Traxxas ya Marekani ililitoa mwaka wa 2022 kwa kipimo cha 1 kwa 18, likiwa na milimita 155 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Difu zake zote mbili, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, zimefungwa daima, hivyo gurudumu la kushoto na la kulia huzunguka pamoja hata mojawapo likiwa hewani. Katika gari lenye difu ya kawaida, nguvu hukimbilia gurudumu lililopoteza mshiko, na lile lililokanyaga jiwe hubaki limesimama. Mota imesokotwa waya mizunguko 87, idadi kubwa inayopunguza kasi na kuongeza msukumo, na ukiachilia kifyatuzi cha rimoti mota hiyohiyo hushika breki, gari likabaki palepale katikati ya mwinuko likikusubiri uamue gurudumu likanyage wapi. Kwangu mimi breki hiyo ndiyo sifa yake kuu.

Nililipima kwenye lundo la mawe ya kujengea ya Ndarugo lililobaki baada ya jirani kumaliza ukuta wake, nikisoma pembe kwa programu ya simu. Jiwe likiwa kavu, gari lilipanda nyuzi 40 bila kupewa mwendo wa kuanzia. Kwenye nyuzi 45 magurudumu yalizunguka pale pale. Hilo halikunishangaza. Kwenye nyuzi 45 msuguano unaohitajika unalingana na nguvu yote inayolikandamiza gari kwenye jiwe, ilhali kwenye nyuzi 35 saba ya kumi ya nguvu hiyo inatosha. Vumbi letu jekundu hubadilisha mambo kabisa: jiwe lilelile, likiwa limepakwa vumbi laini kama unga, lilinishinda kwenye nyuzi 30, na dawa yake ilikuwa kufuta tairi kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya majaribio machache.

Kuteleza, hata hivyo, ni nusu ya habari. Gari linaweza kuwa na mshiko wa kutosha na bado likapinduka kinyumenyume, jambo lililonipata baada ya kulifungia keria ya chuma juu ya paa kwa sababu tu ilipendeza machoni. Kosa lilikuwa langu. Kitovu cha uzito kikiwa katikati ya ekseli mbili na milimita 60 kutoka chini, gari hupinduka kwenye nyuzi 52 hivi. Ukikiinua hadi milimita 75, mpaka huo hushuka hadi nyuzi 46. Vipimo hivyo vya kitovu ni makadirio yangu, lakini mwelekeo wake hauna ubishi, na wanaopenda kulipamba gari kwa madebe, ngazi na taa za juu wanapaswa kuuzingatia kabla ya kutoa pesa.

Niliing'oa keria, kisha nikampelekea fundi wa kerezo kule Kariobangi Light Industries kipimo cha rimu, akanichongea pete mbili za shaba njano za kuingia ndani ya magurudumu ya mbele. (Aliniuliza mara tatu kama kweli ni kwa ajili ya gari la mtoto, nami mara zote tatu nikamjibu kwamba ni langu.) Uzito ukiwa chini na mbele, pua ya gari haiinuki ovyo, na mawe yaliyokuwa yakilipindua sasa hulikatalia kwa kuteleza tu. Ndiyo maana singemshauri mtu aanze kwa kununua mota yenye nguvu zaidi, kwani mota haikuwa kikwazo hata mara moja.

Betri ya miliampea-saa 750 inayokuja nalo hunitosha kwa dakika 40 hivi za kupanda polepole, kwa hiyo chukua ya pili. Huku Nairobi niliagiza kupitia wakala ambaye simtaji, naye alichelewesha mzigo kwa wiki tatu kwa kuwa hakueleza mapema kwamba betri za lithiamu zina masharti yake kwenye ndege. Katika hesabu ya bei jumlisha VAT ya asilimia 16, nauli na ada nyingine za forodha.

Kaka yake mkubwa, TRX-4 wa mwaka wa 2017 kwa kipimo cha 1 kwa 10, ana difu zinazofungwa na kufunguliwa kwa rimoti, gia mbili za mwendo, na ekseli zilizoinuliwa juu ya kitovu cha gurudumu ili tumbo lisikwaruze mawe. Mwenye nafasi ya kwenda mara kwa mara kwenye machimbo au miamba mikubwa anunue huyo. Mimi ninaishi ghorofani, lundo la jirani liko hatua ishirini kutoka lango, na jiwe la ukubwa wa debe ni mlima kamili kwa gari dogo kiasi hiki.