Kampuni ya matangazo jijini Mbeya: kazi inafundisha, uongozi unaumiza

Tathmini hii inawahusu wabunifu wa dizaini, maofisa masoko na watu wa promosheni wanaofikiria kuomba kazi katika kampuni moja ya matangazo hapa Mbeya, inayohudumia wateja kuanzia Makambako hadi Tunduma. Jina tunaliacha.

Kazi yenyewe inafundisha. Utashika bango la flex (turubai la plastiki la kuchapia matangazo), tangazo la redio, gari la matangazo na kurasa za mitandao za wateja, vyote kwa wakati mmoja. Hilo tunawapa haki yao.

Ubovu unaanzia kwenye maandishi, kwa sababu hayapo. Oda ya mteja inapita kwa bosi na kukufikia usiku kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp: vipimo havimo, namba ya simu imetajwa harakaharaka, siku ya kutundika haijulikani. Unatengeneza, bosi anabadilisha rangi, mteja anabadilisha maneno, kisha faili lisilo la mwisho ndilo linalokwenda kuchapwa. Flex ikishatoka kwenye mashine imetoka. Kinga yake ni karatasi moja ya oda yenye vipimo, maneno kamili na namba za simu zilizopigwa kuhakikiwa, pamoja na sahihi ya mteja kwenye nakala ya mwisho. Karatasi hiyo haipo, na hasara anakatwa mbunifu.

Makato haya yanatukera kuliko yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu kufidia hasara kwenye mshahara pale tu kosa ni la mfanyakazi, ameelezwa kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake, na amepewa nafasi ya kupinga. Hata hapo, makato hayapaswi kuzidi robo ya mshahara. Hapa unakuta pesa imepungua tu, bila hati ya malipo.

Watu wa uwanjani wana lao. Wanaokwenda Tukuyu, Kyela au Mafinga wanatanguliza nauli, chakula na malazi kutoka mfukoni, warudishiwe mteja akilipa. Mteja akichelewesha kulipa ankara, mfanyakazi wa posho ndiye anayeikopesha kampuni. Kisha mhasibu anakataa dai lisilo na risiti, wakati bodaboda na gesti nyingi hazitoi risiti. Dai fedha ya safari kabla ya kupanda gari, na orodha ya matumizi itume kwa ujumbe siku hiyohiyo. Ukipangiwa Rungwe msimu wa mvua, uliza pia turubai la kufunika spika na jenereta. Wanasahau, kisha anaulizwa aliyekuwa zamu.

Nane Nane, maonyesho ya wakulima, ndiyo kipimo kikubwa. Mabanda ya wateja kwenye viwanja vya John Mwakangale yanajengwa usiku kucha. Tarehe 8 Agosti ni sikukuu, na kila saa ya kazi siku hiyo inalipwa mara mbili. Saa za ziada siku nyingine ni mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inaongezewa asilimia 5. Kinachotolewa ni chipsi na soda. Anayedai anapewa cheo cha umeneja ili anyamaze, ingawa cheo kitupu, bila watu unaowasimamia, hakikuondolei haki hizo.

Kukaripiwa ni kwenye kundi la WhatsApp, mbele ya wote. Watu wanaondoka kimya, na nywila za kurasa za wateja zinaondoka nao kwa kuwa hazikuandikwa popote. Wateja, umiliki wa ukurasa uwe kwa jina lenu.

Ukiitwa kusaini, taka mkataba unaotaja mshahara, tarehe ya kulipwa na saa za kazi, zisizozidi 45 kwa wiki. Baadaye nenda ofisi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na namba yako ya uanachama uulize kama michango inaingia: jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu yako haizidi 10. Ukiachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine siku 60. Picha za jumbe za kazi zihifadhi kwenye simu yako mwenyewe, kwa kuwa simu ya ofisi utaikabidhi siku ya kuondoka.