Bolti za kupanuka: ipi ununue kwa zege, tofali na mwamba wa Mwanza

Kabla hujaenda dukani kuuliza bei ya bolti, chukua nyundo ndogo ugonge pale unapotaka kufunga. Mlio mkavu, nyundo ikarudishwa mkononi, hapo kuna zege au jiwe zima. Mlio wa debe tupu ni plasta iliyoachana na ukuta. Mlio mzito usio na uhai, na ukikwangua kwa msumari unamwagika unga wa kijivu, hiyo ni tofali ya saruji. Jibu la nyundo ndilo linaloamua ununue nini, na kaunta nyingi za Mwanza hazikuulizi habari hiyo. Mazungumzo huwa hivi (Rawlbolt hapo ni bolti yoyote ya kupanuka):

"Kaka, nipe Rawlbolt nne za geti."

"Za ngapi, bosi? Za kumi zipo, za kumi na mbili zipo."

Biashara imekwisha. Unene ndio umekuwa swali la kwanza na la mwisho, wakati kwa kazi nyingi za nyumbani ungefaa kuwa swali la tatu, baada ya "unafunga kwenye nini" na "itaingia kina gani".

Ukikaza nati, kabari iliyo mkiani mwa bolti inavutwa kuja juu, inatanua ganda au kipete, na chuma kinabana kuta za tundu. Mshiko wote ni msuguano. Bolti ikizidiwa, chuma hakikatiki mara nyingi; ama inateleza na kutoka, ama zege linang'oka nayo likiwa na umbo la pia ya kuchezea, ncha ikiwa chini. Ukubwa wa pia hiyo unatokana na kina. Wahandisi huhesabu kwamba nguvu ya zege kustahimili mvuto hupanda kwa kina chenye kipeo cha 1.5: kutoka milimita 40 kwenda 60 unapata karibu mara 1.8, na kutoka 40 kwenda 80 unapata karibu mara 2.8. Ukiongeza unene tu, kutoka M10 hadi M12 (yaani bolti ya unene wa milimita 10 hadi ya 12), kwa kina kile kile, zege halioni tofauti ya maana.

Sasa piga hesabu ya geti. Umenunua M10 yenye urefu wa milimita 80, ambayo ni ya kawaida sana madukani. Bamba la bawaba linakula 6, washa 2, nati na nyuzi za kubaki nje karibu 12. Zimebaki 60 za kuingia ukutani. Plasta ina unene wa 20, na plasta haishiki kitu. Ndani ya zege zimebaki 40. Ulilipia bolti ya 80 ukapata kazi ya 40! Kwa tofauti ndogo ya bei chukua ya 100 au 120, au banja plasta mahali pa bamba ili chuma kikae juu ya zege lenyewe. Na kama mfuko hauruhusu bolti nzuri kote, ziweke kwenye bawaba ya juu: geti huivuta bawaba ya juu itoke ukutani na kuisukuma ya chini iingie. Kwa bano la televisheni ni vivyo hivyo, bolti za juu ndizo zinazovutwa.

Kama zege bado halijamwagwa, usinunue chochote kati ya vitu vilivyo hapa chini. Mwone fundi wa kuchomelea akukunjie bolti zenye mkia wa L, zifungwe kwenye nondo kabla ya kumwaga, kwa kutumia bamba lenye matundu ili nafasi zisihame. Kwa mashine ya kusaga au nguzo za geti zito, hiyo inazishinda zote, na ni rahisi kwa bei.

Zege likiwa limeshakauka, mimi nazipanga hivi.

1. Bolti ya kabari

Ni stadi (fimbo ya chuma isiyo na kichwa) nyembamba yenye nyuzi upande wa nati na kipete chembamba cha bati karibu na mkia. Kwa slabu, sakafu ya zege na nguzo nene, hii ndiyo ya kwanza. Sababu kubwa ni tundu: M10 inataka tundu la milimita 10, M12 la milimita 12, basi. Unaweka bamba mahali pake, unatoboa kupitia matundu ya bamba lenyewe, unagonga, unakaza. Biti ndogo huchosha drili kidogo na hukutana na nondo mara chache.

Udhaifu wake ni kwamba haisamehe. Biti iliyochakaa inatoa tundu dogo, bolti inagoma katikati. Mkono unaoyumba unatoa tundu pana, kipete kinazunguka bila kushika. Ndani ya tofali ya saruji usiipeleke kabisa. Itasaga tofali na kuzunguka milele.

Kauntani shika moja, zungusha nati kwa vidole mpaka mwisho wa nyuzi. Ikikwama njiani, rudisha. Angalia kama kipete kinacheza vizuri juu ya kabari ya mkiani na hakijapondeka. Pakiti yenye maandishi ETA na namba yake ina maana bidhaa ilipimwa kwa utaratibu wa Ulaya. Soma kama imepimwa kwa zege lenye nyufa au lisilo na nyufa tu. Sisi wa pembezoni mwa ziwa tusidharau hilo. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9, na nyufa hupenda kupita pale palipotobolewa.

Toboa ndani kuliko urefu unaohitajika. Siku ukitaka kuiondoa haitatoka, lakini utaigonga izame uzibe juu.

2. Stadi ya gundi

Unanunua kopo la gundi lenye sehemu mbili zinazochanganyika mdomoni, pamoja na vipande vya stadi yenye nyuzi. Bei yake inauma, ndiyo maana haipo namba moja. Lakini kuna mahali ambapo ni hii tu. Haitanui, kwa hiyo haipasui kona. Nguzo ya inchi sita ina milimita 150. Hata ukifunga katikati kabisa umebaki na 75 kila upande, na bolti ya kupanuka iliyokazwa sana inaweza kuichana nguzo kwa urefu. Tofali nazo zinaikubali, na zile zenye uwazi ndani hutumia soksi ya wavu ili gundi isimwagike. Mashine zinazotetemeka, kama kinu au pampu, zinaikubali zaidi kuliko msuguano wa kabari unaolegea polepole.

Soma tarehe ya mwisho wa matumizi, na ulikatae kopo lililopangwa dirishani linapigwa jua. Kisha ujue kwamba gundi kwenye tundu lenye vumbi inashika vumbi, si zege. Puliza, piga brashi ya waya, puliza tena, rudia.

Kitu cha kuning'inia juu ya vichwa vya watu kinataka tahadhari ya pekee. Julai 2006 huko Boston, Marekani, dari la zege la handaki la barabara lilianguka juu ya gari na kuua mtu. Wachunguzi walikuta kwamba gundi iliyotumika ni ya kukauka haraka, aina inayonyooka polepole ikibeba mzigo wa kudumu. Bolti zilikuwa nzima.

3. Bolti ya ganda nene

Hii ndiyo Rawlbolt halisi: ganda la vipande vinne linalotanuka kwa upana mkubwa. Inasamehe zege duni na tundu lisilonyooka, na ukifungua bolti ganda linabaki ndani, hivyo unaweza kutoa mashine ukarudisha. Ila angalia ukubwa wa tundu: M6 inataka milimita 12, M8 inataka 14, M10 inataka 16, M12 inataka 20. Watu hununua bolti ya kumi na biti ya kumi, kisha wanarudi dukani wamenuna. Zipo pia za ganda jembamba ambazo hazifuati vipimo hivi, kwa hiyo pima ganda lenyewe kwa kalipa kabla ya kununua biti. Nguvu yake ya kutanua ni kubwa. Kaa nayo mbali na ukingo.

4. Skrubu ya zege

Inajikata nyuzi yenyewe ndani ya zege, inatoka yote ukitaka, na haitanui sana. Nzuri kwa fremu na reli. Haipatikani kila duka, na biti ikikosea nusu milimita umeharibu.

5. Ya kudumbukiza

Kikombe chenye nyuzi ndani kinachokaa sawa na uso wa zege, kwa ajili ya kuning'iniza mabomba kwenye slabu. M8 inataka tundu la 10, M10 la 12. Bila kipigilio chake maalumu kabari ya ndani haifiki mwisho, na fundi atakuambia kipande cha nondo kinatosha. Hakitoshi. Kama duka halina kipigilio, usinunue.

6. Fisha

Plagi ya nailoni ambayo Mjerumani Artur Fischer aliibuni mwaka 1958 si kitu duni. Kwenye tofali ya saruji inashika kwa upole kuliko chuma chochote cha kutanuka. Rafu ya vyombo, dishi dogo, kioo, saa: fisha ya nane na skrubu yake. Iko mwisho hapa kwa kuwa watu huipeleka kwenye geti.

Sasa ziwa. Maji ya Victoria hayana chumvi, na hilo linakuokolea fedha. Mtu wa Unguja anayefunga ngazi ufukweni hana budi kununua stenlesi ya A4, daraja linalostahimili chumvi. Wewe wa Capri Point, Igombe au Kayenze, stenlesi ya A2 inatosha mahali panapolowa kila siku. Bolti za kung'aa za kawaida zina zinki ya takribani maikroni 5 tu, zimetengenezwa kwa ajili ya ndani ya nyumba. Nje, tafuta zilizochovywa kwenye zinki ya moto, ambazo huwa na maikroni 40 na zaidi. Utazijua kwa rangi ya kijivu iliyofifia na uso usio laini. Ghala la kayabo (samaki wa chumvi) pale soko la Mwaloni ni habari tofauti kabisa. Chumvi ya samaki inakaa sakafuni na kupanda ukutani, na hapo A4 siyo anasa. Beba sumaku ndogo: stenlesi hizi hazivutwi, au huvutwa kidogo mno. Ikiganda kwa nguvu, umeuziwa chuma.

Mwamba nao una mambo yake. Nyumba nyingi za vilimani, Mabatini, Igogo, Bugando, zina jiwe la granite ndani ya ua, na jiwe hilo ni msingi wa bure wa stendi ya tenki. Granite nzima inashika bolti ya kabari vizuri sana. Tatizo ni ganda lake la nje, kwa sababu granite inayopigwa jua na mvua miaka mingi huachia matabaka sambamba na uso. Gonga, palipo na mlio wa uwazi, chonga tabaka litoke, na anza kuhesabu kina kutoka kwenye jiwe zima. Penye matabaka mengi, stadi ya gundi. Drili ya kawaida ya kugonga itaungua kabla hujafika sentimita tano; kodi ile kubwa yenye biti za SDS (zenye mkia wa mifereji unaojifunga ndani ya drili).

Na kuhusu tenki, usihofie lilipojaa. La lita 1,000 lina tani nzima ya maji inayolikandamiza mahali pake. Hofia siku limekauka na upepo wa mvua unatoka ziwani: hapo ndipo bolti zinavutwa.

Nafasi: kwa kushika kikamilifu, bolti ya kupanuka inataka umbali wa mara 1.5 ya kina chake kutoka ukingoni, na mara 3 ya kina kati ya bolti na bolti. Ya kina cha 60 inataka 90 na 180. Ukishindwa kuvipata vipimo hivyo, jua umepunguza mshiko, ongeza kina au hamia kwenye gundi. Zege jipya lipe siku zake 28. Ukikutana na nondo, usiikate wala usifupishe bolti kwa grainda. Hama umbali wa mara mbili ya kina cha tundu na ujaze tundu la zamani kwa mota ngumu.

Bomba la kurefushia spana liache nyumbani. Viwanda vingi hutaja mkazo wa karibu Nm (nyutoni-mita) 15 hadi 20 kwa M8, 30 hadi 45 kwa M10, na 50 hadi 65 kwa M12. Kilichoandikwa kwenye pakiti yako ndicho cha kufuata. Spana ya 17 ya urefu wa kawaida, kwa mkono mmoja, inaikaribia kabisa ya M10. Ukikaza mpaka bolti ianze kuchomoza, usidhani inazidi kubana: ndiyo inatoka.

Kwa geti la kawaida kwenye nguzo ya zege ya inchi tisa, orodha ya kwenda nayo dukani ni bolti za kabari M10 za milimita 120 zilizochovywa zinki, biti mpya ya 10, brashi ya tundu, na pampu ya baiskeli ya kupulizia vumbi.